Simama Kwenye Kidoti

Watu wa stendi walimwita Mama Mapokezi, na jina hilo hakuliokota njiani. Kwa zaidi ya nusu ya umri wake alikuwa karani wa mizigo wa kampuni ya mabasi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona amekaa nyuma ya meza akingoja basi liingie. Honi ikisikika tu kwenye kona, yeye alikuwa keshafika barabarani, miwani kichwani, kalamu sikioni.

"Basi lina magurudumu, bibi we," makarani wenzake walimtania. "Litakuja lenyewe."

Naye aliwajibu kwa msemo alioutunga mwenyewe na kuuamini kuliko misemo yote ya wahenga: mzigo haungojwi, mzigo hupokewa. Aliyengoja ndani aliletewa sanduku lililopondeka na kifurushi kilicholowa. Aliyetoka kupokea alikikuta kila kitu kizima, maana kuli akitazamwa usoni, mikono yake hupata adabu.

Tabia hiyo ndiyo aliyoibeba siku alipopanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda mji wa watu, mji ambao hakujua hata neno la kuombea maji ya kunywa. Alikwenda kwa sababu bintiye alikuwa amelazwa huko.

Binti huyo alikuwa kitindamimba wake, na nyumbani wote walimwita hivyo kwa mkato: Kitinda. Ugenini alipiga pasi katika hoteli kubwa. Mashuka, foronya, vitambaa vya meza, mashati ya wageni wasiojua kwamba kola zao zimepita mikononi mwa mtu. Alikuwa hodari mpaka pumzi ilipoanza kumkatikia kwenye ngazi. Madaktari wakasema kilango kimoja cha moyo wake hakifungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka, na hapana budi kifua kipasuliwe kilango kibadilishwe.

"Ni kama mlango wa stoo yako, mama," Kitinda alimweleza kwa simu. "Unaufunga, ukigeuza mgongo umefunguka."

Mama Mapokezi akacheka kwa mdomo. Mikono yake ilikuwa tayari inakunja nguo.

Alifikia katika chumba cha bintiye, alichopanga pamoja na mwenzake wa kazini, msichana wa kwao aliyeitwa Chiriku kwa kuwa hakunyamaza hata usingizini. Vitanda viwili, dirisha moja, jiko la umeme lenye nafasi ya sufuria moja, kwa hiyo watu walipika kwa zamu na kula kwa pamoja. Chiriku alitoka alfajiri kwenda hotelini, akarudi jioni yuko hoi lakini ulimi mzima. Hospitali nayo haikuruhusu jamaa kulala wodini. Basi kila siku Mama Mapokezi alipaswa kuvuka mji kutoka upande huu hadi upande ule, na katika mji mzima hapakuwa na mtu wa kumuuliza njia akaelewa jibu.

Kitinda ndiye aliyepata dawa. Simu yake ilikuwa na programu ya kuita gari. Akiwa kitandani, sindano imebandikwa mkononi, aliandika gari lianzie wapi na liishie wapi, na dereva akaja bila kuhitaji kuambiwa neno. Kisha alimtumia mama yake ramani ya safari. Mama akaifungua, akaona kigari kidogo kinatambaa kama mdudu, na kidoti cha buluu kimetulia mbele ya lango la nyumba.

"Hicho kidoti ndicho wewe, mama."

"Mimi mdogo hivyo?"

"Ukitazamwa kutoka juu, kila mtu mdogo. Sasa nisikilize. Unasimama kwenye kidoti. Huendi mbele, hurudi nyuma. Gari linakuja lenyewe."

"Na likikosea?"

"Halikosei. Utakosea wewe, ukianza kwenda kulipokea. Mimi si nakujua."

Na siku ile ya kwanza alikosea kweli. Aliona kigari kimekunja kona, miguu ikamchukua kabla hajaituma. Dereva akaja kwa njia ya nyuma, akasimama langoni, akapiga honi, huku Mama Mapokezi yuko mtaa wa pili akiyapungia magari ya watu. Dereva akampigia mwenye programu, yaani Kitinda, naye akawa anakata huku na kupiga kule, kwa lugha ya mji na lugha ya nyumbani, mpaka wawili hao wakaonana. Mama alipoingia wodini alimkuta bintiye anacheka hadi mashine ya kando ya kitanda inalia, na nesi amekuja mbio na viatu vyake vya mpira.

"Mama, utaniua kabla ya daktari."

"Ishia hapo hapo. Mtu hawezi kutoka mbali akakukuta umesimama kama nguzo ya umeme. Ni utovu wa adabu."

"Yule si mgeni, ni dereva."

"Kwani dereva hakuzaliwa na mama?"

Kitinda alimweleza nesi kisa chote. Nesi, mwanamke mnene mwenye nywele zilizobanwa kwa kalamu, akamtazama Mama Mapokezi na kuinua kidole chake kama mwalimu: simama. Kuanzia siku hiyo wakawa marafiki, bila neno hata moja la kushirikiana.

Basi akajifunza kusimama. Alijifunza kwa shida, kama mtoto anavyojifunza kufunga mdomo anapotafuna. Aliweka miguu yake kwenye ufa uliokuwa mbele ya lango, akaukodolea macho huo ufa asije akaiona barabara ikamtamanisha. Madereva walikuja wa kila namna. Mmoja aliimba njia nzima kwa sauti ya puani. Mwingine alitundika kiatu cha mtoto mchanga kwenye kioo, na Mama Mapokezi akakitazama mpaka dereva mwenyewe akatabasamu. Mwingine alimuuliza jambo refu, yeye akamjibu kwa Kiswahili kwamba bei ya vitunguu imepanda huko kwao na mkwewe mkubwa ni mvivu, na dereva akatikisa kichwa kwa masikitiko. Wakaagana kama ndugu.

Lakini tamu ya safari zile ilikuwa nyingine. Kitinda hakuliachia macho lile gari. Tangu mama akae kiti cha nyuma, simu iliita.

"Naona mmeshavuka daraja."

"Tumevuka."

"Mbona anapita njia ya sokoni? Ana haraka ya kwenda kununua nini?"

"Mwache, mwanangu. Pengine ana lake."

"Sasa mko kwenye mzunguko. Sasa mnapita hotelini kwetu, tazama kulia, lile jengo la vioo. Umeona? Chiriku yumo humo anatia mashuka kwenye mashine na kuyasimulia."

Siku moja mama alimwambia apumzike, asijichoshe na ramani.

"Hunichoshi," Kitinda alisema. "Si ulinifundisha wewe? Mzigo haungojwi. Siwezi kutoka kitandani, basi nakupokea kwa macho."

Mama Mapokezi akageukia dirisha. Ilimpasa aukodolee macho mji wa watu kwa muda, mpaka ukaacha kucheza.

Jioni ya kuamkia upasuaji, Kitinda hakutania. Walikaa mkono kwa mkono, chakula cha hospitali kikipoa kwenye sinia.

"Wataniingiza asubuhi. Muda wa kuona wagonjwa unaanza baadaye, lakini nesi amesema uje mapema, atakupitisha. Unishike mkono kabla hawajanichukua."

"Nitakuja."

"Sitaki kuingia mle kabla sijakuona. Naogopa, mama."

Huyo ni mtoto aliyeanguka kutoka juu ya paa la stoo akiwa mdogo, akasimama, akapangusa magoti, akauliza nani ameona. Hajawahi kusema naogopa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Mama Mapokezi aliusikia ule wa kumzaa ukimrudia tumboni.

"Nitakuwepo," alisema. "Kufa kupona." Kisha akaujutia ulimi wake, akaushika ule mkono kwa nguvu zaidi.

Asubuhi yake alikuwa kwenye ufa wake mapema. Chiriku alikwishaondoka. Ramani iliingia, kigari kikaonekana, kinatambaa vizuri. Halafu kilipofika kwenye makutano kikasimama.

Alikijua kisa cha makutano yale. Walikuwa wanachimba kupitisha mabomba, na mtu mmoja mwenye fulana ya kung'aa alishika kibao, akiyaruhusu magari machache machache kama anayagawia dawa. Simu ikaita.

"Foleni tu hiyo," Kitinda alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, wameshampa kitu cha kumtuliza. "Simama hapo hapo."

"Limesimama, mwanangu. Halitikisiki."

"Litakuja. Mama, wamekuja kunibadilisha nguo. Usihame. Usihame, sawa?"

"Sawa."

Simu ikakatika. Akaukodolea macho ufa. Akaitazama ramani, kigari kilikuwa pale pale. Akauangalia ufa tena. Mbele ya macho yake alimwona Kitinda amevaa gauni la hospitali lisilofungika mgongoni, akigeuza kichwa kutazama mlango. Na katika miguu yake uliamka umri wote wa stendi, mabasi yote aliyoyalaki, mizigo yote aliyoiokoa kwa kutosubiri. Makutano hayakuwa mbali. Akifika pale atapanda palepale, atamwonyesha dereva ageuze, wataokoa muda. Akaitia simu ndani ya mkoba, asije akaporwa, akaenda.

Makutanoni magari yalikuwa meupe yote, kana kwamba yametoka kwenye zizi moja. Alipita katikati yake akisoma namba, akiinama kwenye madirisha, na nyuso zikimtazama kama mtu anayeuza kitu. Alirudia tangu mwanzo wa foleni hadi mwisho. Gari lake halikuwemo. Dereva alikuwa amechoka na foleni, amerudi kinyumenyume, amepita uchochoro wa nyuma ya maduka, amefika langoni, amesimama mbele ya ule ufa. Amengoja. Amempigia mwenye programu, na mwenye programu hakupokea. Ameondoka.

Mama Mapokezi alipoitoa simu mkobani, ramani haikuwepo tena. Palikuwa na maneno tu: Safari imefutwa. Aliyasoma mara nyingi, kama karani anayesoma jina lisilo lake juu ya kifurushi alichokitegemea.

Alimpigia Kitinda. Simu iliita, ikaita.

Kando ya barabara mwanamke wa duka la dawa alikuwa anapandisha mlango wake wa chuma. Mama Mapokezi alimwendea, akamwonyesha picha ya hospitali kwenye simu, akajipiga kifua, akaonyesha kwa mkono kimo cha mtoto, ingawa mtoto mwenyewe alikuwa amempita urefu. Yule mwanamke hakuuliza kitu. Aliuacha mlango nusu, akaita gari kwa simu yake mwenyewe. Na Mama Mapokezi alipoanza kushuka barabarani akichungulia, yule mwanamke alimshika mabega, akamrudisha, akamwelekeza kidole chini: hapa. Hata asiyejua lugha yake alilijua kosa lake.

Daraja, njia ile ya sokoni, mzunguko, jengo la vioo. Hakuna aliyempigia kumwambia yuko wapi.

Mlango wa wodi aliukuta wazi. Kitanda hakikuwepo. Vitanda vya pale vina magurudumu, mgonjwa huondoka na chake, na mahali pake pamebaki sakafu tupu iliyong'aa kuliko sakafu nyingine. Ndara za Kitinda zilikuwa zimepangwa ukutani, pande mbili sawasawa, kama alivyopanga kila kitu.

Nesi yule mnene alikuja akiwa ameshika simu ya Kitinda. Akamtia mkononi. Alitaka kumwambia kitu, akafungua mdomo, akakumbuka kwamba hawana lugha. Akaufumba. Kisha akafungua kiganja cha kushoto, na juu yake akatembeza kidole cha mkono wa kulia, polepole. Kikaenda. Kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikakunja, kikaenda tena. Mama Mapokezi akakitambua: kigari. Nesi akalaza kichwa begani kuonyesha mtu aliyelala, akakodoa macho kwenye kiganja: alikuwa anakitazama, njia yote ya ukumbini, huku wanamsukuma. Kidole kikafika katikati ya kiganja, kikatulia. Kimefika langoni. Nesi akatabasamu, tabasamu kubwa lisilo lake, la mtu mwingine, akaonyesha mlango wa lifti. Akafumba kiganja.

Alikuwa anamletea habari njema. Binti yako hakuingia na hofu. Aliliona gari limefika kwako, akacheka, akatoa simu, akaenda akijua uko njiani.

Mama Mapokezi alizielewa ishara zote, akainamisha kichwa kumshukuru. Na pale alipoinama hakujua kama amepewa maji au amechomwa kisu, na mpaka leo hajui.

Alikaa nje ya mlango wa chumba cha upasuaji kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa na vingine kwa chuma. Hakuinuka. Watu walipita na vikombe vya chai, mfagiaji alipitisha ufagio chini ya miguu yake, naye alisimama moyoni kwenye kidoti chake kama alivyoambiwa, maana huenda kuna mahali kosa husamehewa kwa mtu kutulia. Alasiri Chiriku aliwasili na sare yake ya hoteli, akakaa karibu naye, akaanza: daktari huyu anasifika, lile jengo jipya, mke wa msimamizi wao alipasuliwa hapa hapa na sasa anacheza dansi.

Ndipo daktari akatoka, kofia yake ya kitambaa mkononi. Aliongea na Chiriku, maneno mengi, kwa upole. Mama Mapokezi hakumtazama daktari, alimtazama Chiriku, akingoja tafsiri.

Chiriku alinyamaza.

Hivyo ndivyo alivyoambiwa.

Maji yakishamwagika hayazoleki, lakini ugenini hata kuyalilia kuna utaratibu wake. Kulikuwa na ofisi za kwenda, mihuri ya kugongwa, watu wa hotelini kuja na kukaa kimya kwenye ncha za vitanda. Chiriku alimwongoza kila mahali. Usiku wa mwisho alimwambia:

"Kesho gari la hospitali linampeleka moja kwa moja uwanja wa ndege, upande wa mizigo. Lina kiti kimoja tu mbele, na lazima akae mtu anayejua lugha, kule kuna makaratasi. Sasa sijui, mama. Ukae wewe, mimi nikuitie gari, au..."

"Kaa wewe. Mimi nitaita mwenyewe. Nifundishe."

Chiriku akaichukua simu ya Mama Mapokezi, akaweka programu, akamwonyesha. Hapa unapotoka. Hapa unakokwenda. Mahali fulani programu ikauliza namba ya mtu wa kuarifiwa kila safari, ili ajue msafiri yuko wapi. Chiriku akaanza kuandika yake. Mama Mapokezi akaivuta simu taratibu, akaandika namba nyingine, bila kuitafuta popote, maana ndiyo namba pekee aliyoijua kwa kichwa. Chiriku aliisoma. Akamfunika mabega kwa blanketi, akazima taa.

Asubuhi Mama Mapokezi aliita gari. Alisimama kwenye ufa mbele ya lango, begi lake kubwa pembeni, mkoba kifuani. Kigari kilikwama makutanoni, kwenye mabomba yale yale. Kilikaa, kikakaa. Hakusogea hata unyayo. Mwanamke mmoja alimwomba nafasi apite na toroli la mtoto, akampa upande wa begi, si upande wa miguu. Gari likaja lenyewe, likasimama mbele yake sawasawa, mlango ukielekea mkono wake.

Laiti kusimama kungekuwa na malipo ya nyuma.

Upande wa mizigo wa uwanja wa ndege ulikuwa kama stendi yake, ila safi zaidi. Mizani ya chini, vigari vya kunyanyulia, harufu ya makaratasi na mpira, makuli wenye glavu, karani nyuma ya kioo mwenye kalamu sikioni. Mama Mapokezi aliitazama ile kalamu akaona afadhali atazame pengine. Akasimama nje kwenye lango la kuingizia, mahali ambapo dereva alimshusha.

Mkoba ukatetemeka. Haikuwa simu yake, ilikuwa ya Kitinda, aliyokuwa akiitia chaji kila usiku bila kujiuliza kwa nini. Akaitoa. Kwenye kioo palikuwa na ramani, na juu ya ramani kidoti cha buluu, na chini yake maneno mawili: Mama amefika.

Alikitazama kidoti. Kilikuwa kidogo kweli.

Ndipo alipoliona gari la hospitali, mbali, linaingia kutoka barabara kuu, na Chiriku mbele ameketi wima asiyesema na dereva. Miguu ikamwamka. Kuna mapokezi ambayo mtu hawezi kuyaachia makuli. Akanyanyua kisigino.

Akakirudisha chini.

"Nipo hapa hapa, mwanangu," alisema, simu mbili mkononi, macho barabarani. "Sijahama."

Gari lilipunguza mwendo kwenye tuta, likavuka, likaendelea kuja.